Dokta, nyama zinanicheza mwili mzima na mtandaoni nimeshasoma ni ugonjwa gani

Mwezi huu barua nyingi zilizokuja ni za misuli kucheza, ganzi, vidole kuchomachoma na miguu kuwaka moto, na karibu zote zina hofu moja ndani yake, kwamba mtu ana ugonjwa mkubwa wa mishipa ya fahamu na hospitali hawauoni. Nimechagua tano, majina nimeyatoa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu najua wapo wengi wanaopitia kitu hicho hicho usiku huu na hawajamwambia mtu.

SWALI

Shikamoo dokta. Mimi ni kijana wa miaka 31, fundi simu hapa Morogoro, nina mke na mtoto mmoja. Dokta nateseka. Ilianza jicho la kushoto kucheza, mama akaniambia jicho la kushoto likicheza ujiandae na habari mbaya, na kweli wiki ile ile baba mdogo akafariki ghafla. Basi tangu ule msiba nikaanza kuona nyama za kwenye kigimbi zinacheza zenyewe, yani nimelala kabisa sijafanya kitu lakini ukiangalia chini ya ngozi unaona kama kuna mdudu anatembea, mara kigimbi mara paja mara begani mara kwenye unyayo. Nikaingia Google usiku nikaandika misuli kucheza ikaniletea ALS, ule ugonjwa wa yule mwanasayansi wa Uingereza aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, Stephen Hawking. Tangu siku hiyo silali. Kila asubuhi nasimama kwa vidole vya mguu mmoja kuona kama bado naweza, vigimbi napima kwa futi ya fundi cherehani na cha kulia kimezidi kidogo cha kushoto. Nikishika bisibisi naona mkono mzito, vidole vinachomachoma na pembeni ya mdomo napata ganzi. Nimeenda hospitali tatu, wamepima damu, sukari, taifodi, mpaka MRI ya kichwa nimefanya, wote wananiambia huna kitu. Sasa nina kiwanja changu nafikiria nikiuze niende India wakanicheki vizuri. Mke wangu anasema nimerogwa. Naomba unijibu ukweli hata kama ni mbaya.

Fundi, Morogoro

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba wa baba mdogo. Umeomba ukweli, nianze nao kabla ya maelezo: kwa haya uliyoniandikia sioni ALS. Usiuze kiwanja.

Sasa nikueleze kwanini nasema hivyo, maana umeshaambiwa "huna kitu" mara tatu hujaamini na mimi hapo sikulaumu. Hilo neno sisi madaktari tunalitumia vibaya sana. Mtu anaona kwa macho yake nyama inaruka, mkewe anaiona, halafu anakaa foleni tangu alfajiri anaambiwa hana kitu, akitoka pale anaondoka na jambo moja tu kichwani kwamba huyu hajaona. Kitu unacho. Misuli yako inacheza kweli, haujiotei. Ila kinachoichezesha ni kingine kabisa na hakiui.

Iko hivi. Misuli inaendeshwa na mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo, na mshipa mmoja ukifika kwenye msuli unagawanyika unashika nyuzi nyingi kwa pamoja, kwenye msuli mkubwa kama kigimbi ni mamia na mamia ya nyuzi. Huo mshipa ukijipigia wenyewe bila ubongo kuagiza, fungu lake lote linaruka kwa mpigo, ndio unaona kile kitu kama mdudu chini ya ngozi na mguu wenyewe hausogei. Kinachoufanya ujipigie ni uchovu, kukosa usingizi, kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, kazi nzito, kutoka jasho jingi bila kunywa maji, baadhi ya dawa kama salbutamol ya pumu, na wasiwasi, tena wasiwasi ndio mkubwa wao kwasababu mtu mwenye hofu damu yake imejaa adrenalini na adrenalini inafanya mishipa iwe myepesi kushtuka. Watafiti wanakadiria kama asilimia 70 ya watu wenye afya zao misuli huwa inawacheza wakati fulani. Wengi hawajui kwasababu hawaangalii.

Hata kope lako ni hayo hayo. Kope ni msuli mdogo mwepesi kuchoka, mtu anayekesha na simu za watu chini ya taa lazima limcheze. Mama simlaumu, wote tumelelewa na hilo la jicho la kulia na la kushoto, lakini hebu fikiria ni mara ngapi jicho limekucheza na wiki ikapita hakuna kilichotokea, zile hatuzikumbuki. Hii moja imekutana na msiba ikakaa.

Tuje kwenye ALS yenyewe, kwasababu bila kuijua utaendelea kuiona kila mahali. Ni ugonjwa wa kweli na ni mzito, unaua ile mishipa inayopeleka amri kwenye misuli. Katika nchi zinazohesabu wagonjwa wake, kwa mwaka mmoja wanaogundulika ni kama 2 katika kila watu 100,000, na wengi wao wamevuka miaka 50. Hawking aligundulika 1963 akiwa na miaka 21 na akaishi mpaka 2018, ndo maana dunia nzima inamjua, ila kuanza umri ule na kuishi muda ule vyote viwili ni nadra mno.

Na unaanza na udhaifu. Sikiliza hapa vizuri maana ndio kiini cha jibu langu. Udhaifu ninaousema sio kujisikia mzito au kujisikia umechoka, ni kushindwa. Ufunguo unaingia kwenye kitasa lakini vidole haviugeuzi, kifungo cha shati hakifungi mpaka mke asaidie, mguu unaburuza vidole mtu anajikwaa kwenye sakafu iliyo sawa, maneno yanatoka yamelegea kama kalewa na hajaonja pombe, maji yanampalia kila akinywa. Nyama inakonda, ukiangalia kiganjani pale kati ya gumba na kidole cha shahada pamebonyea. Na mara nyingi mtu huyo misuli kucheza hana hata habari nayo, anakuja kulalamikia mkono unaoangusha vikombe, ni daktari akimvua shati ndio anaona mabega yanacheza. Wewe umekuja na kucheza bila kushindwa, ni kinyume. Halafu ganzi na kuchomachoma sio tabia ya ALS maana yenyewe inashika mishipa ya amri, ile mishipa inayoleta hisia inaiacha.

Sasa jiangalie. Unasimama kwa vidole vya mguu mmoja kila asubuhi na unaweza. Kigimbi kinachobeba mwili mzima wa mtu kimekamilika hicho, na pia kigimbi cha mtu asiyelala kinachofanyishwa mtihani kila asubuhi lazima kicheze zaidi, yani hicho kipimo chako kinakizalisha kile unachokipima. Futi ya cherehani nayo haikusaidii, miguu ya watu hailingani, hata mikono hailingani, ukiihamisha futi kidogo tu unapata namba nyingine. Na la mwisho ndio limenipa amani kuliko yote, wewe bado unafungua simu. Zile skrubu za ndani ya simu ambazo mimi hata kuziona siwezi, unazitoa, unazipanga, unazirudisha kila moja tundu lake. Mtu ambaye mkono wake umeanza kufa hafanyi kazi hiyo siku nzima.

Kule Marekani hospitali ya Mayo Clinic walichukua watu 121 wenye misuli inayocheza na ambao walipopimwa hawakukutwa na udhaifu, wakawafuatilia, wengine kwa miaka miwili wengine mpaka 32. Matokeo yalichapishwa 1993, hakuna hata mmoja aliyepata ALS. Nisikufiche lakini, hali yenyewe sio lazima iishe wiki ijayo, kuna watu inakaa nao miaka, inapungua inarudi, wakikesha inazidi. Inakera, ila haiendi popote.

Ile ganzi ya pembeni ya mdomo na vidole kuchomachoma nayo ina maelezo. Mtu mwenye hofu anapumua haraka na juu juu bila kujijua, anatoa hewa ya kaboni kuliko inavyotakiwa, damu inabadilika kidogo na kalsiamu inayofanya kazi kwenye damu inashuka kwa muda, matokeo yake ndio hayo, mdomo ganzi, vidole sindano sindano, kifua kinabana, kichwa chepesi, na misuli inazidi kucheza. Ikikujia tena kaa chini, vuta hewa kwa pua polepole ukihesabu mpaka nne, itoe polepole zaidi ukihesabu mpaka sita, fanya kwa dakika kadhaa. Ikipungua kwa kupumua tu umepata jibu ambalo MRI haikukupa.

Kuhusu vipimo, nataka ufanye kimoja kizuri halafu usimame hapo. Nenda kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu kama unaweza kumfikia, najua ni wachache na wengi wako miji mikubwa, ukimkosa hata daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anatosha. Mwambie naomba unipime misuli na mishipa ya fahamu. Atakuvua nguo aangalie misuli, atakwambia ufungue mdomo aone ulimi, atakugonga magoti na viwiko kwa kile kinyundo, atakutembeza kwa visigino, atakusukuma mikono na miguu wewe ukizuia. Hicho kinachofanywa kwa mikono na macho kina thamani hapa kuliko MRI ya kichwa. Kwenye damu aangalie tezi ya shingo, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na vitamini B12. Akiona haja ya kile kipimo cha umeme wa misuli, EMG, kipo hapa hapa nchini kwenye hospitali kubwa, hakihitaji pasipoti. Akikwambia nguvu zote zipo, usiende kwa wa tano. Kila daktari mpya anakupa utulivu wa siku mbili halafu unaanza kujiuliza kama na huyu aliangalia vizuri, na mwisho kiwanja kinaondoka kidogo kidogo.

Maana ugonjwa unao mdogo wangu, na ndio huu: hofu ya ugonjwa. Una jina hospitali, una matibabu, na watu wanaumwa hasa. Mara nyingi unaingia baada ya msiba kama wako, ndugu kaondoka ghafla jana mlikuwa mnaongea naye, mwili unaanza kujilinda unakagua kila kitu. Ukikagua unakuta, kwasababu mwili wa mtu hai hautulii. Ukikuta unaogopa, ukiogopa adrenalini inapanda, misuli inacheza zaidi, unakagua tena. Na Google inachochea. Watafiti wawili wa Microsoft, Ryen White na Eric Horvitz, waliandika 2009 jinsi mtu anavyotafuta dalili ndogo ya kawaida kama kuumwa kichwa na kujikuta kwenye uvimbe wa ubongo, kwasababu mtandao unayaleta mbele magonjwa makubwa kuliko yanavyotokea kweli kwa watu. Aliyechezwa na kigimbi akalala ikaisha hakuandika popote.

Kwahiyo kazi yako kuanzia leo ni kuacha kukagua. Futi irudishe kwa mwenyewe. Asubuhi usisimame kwa vidole. Siku za kwanza hofu itapanda vibaya sana, utaona kama usipopima leo ndio siku itakayokupita, iache ipande, usiipe inachotaka, ikikosa chakula inashuka yenyewe. Ukishindwa kabisa sogeza mbele, sema nitapima baada ya nusu saa, mara nyingi nusu saa ikifika presha imeshapoa. Neno ALS usiliandike tena kwenye simu. Lala, punguza kahawa, kazi ya usiku ifunge mapema, tembea, cheza mpira kama ulikuwa unacheza. Usinunue diazepam dukani bila cheti, inatuliza siku chache halafu inakufunga.

Ukiona kwa mwezi mmoja au miwili huwezi mwenyewe, tafuta kliniki ya afya ya akili, na tafadhali lisikushtue jina Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, wala maneno ya watu. Kuna tiba ya mazungumzo kwa hofu ya namna hii. Uingereza waliijaribu kwa wagonjwa 444 wa hospitali za kawaida waliokuwa na hofu ya ugonjwa, ikachapishwa 2014, nusu yao walipewa vikao kati ya 5 na 10 na hofu yao ilishuka kuliko wenzao na ikabaki chini. Dawa zipo pia kama fluoxetine na sertraline, ni za daktari kuandika na kufuatilia. Mkeo mwambie sala aendelee, ni jambo jema na inatuliza, lakini pesa ya mganga isitoke, kama ambavyo ya India haitoki.

SWALI

Habari daktari. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari hapa Eldoret, mwaka wa nne. Mwezi uliopita tulifunzwa magonjwa ya neva na wodini tukaonyeshwa mgonjwa wa motor neuroni, yaani hiyo ALS, alikuwa ameisha mikono yote. Kutoka hiyo siku kidole gumba changu cha kushoto kinaruka ruka, hata saa hii ninapoandika kinaruka. Nikiangalia ulimi kwa kioo nikiutoa nje naona unatetemeka. Nasoma usiku sana, natumia vinywaji vya energy na wakati wa mitihani huwa natafuna muguka, ile aina ya miraa. Wenzangu wananichekelea wanasema kila wodi natoka na ugonjwa. Nifanye EMG ama?

Mwanafunzi, Eldoret

JIBU

Hapana, EMG bado. Kwanza jua kwamba hauko peke yako hata kidogo, sisi watu wa hospitali ndio tunaoongoza kwa hofu hii. Mwaka 2013 madaktari wawili wa Australia waliandika kuhusu madaktari na wanafunzi wa udaktari waliokuja kwao na misuli inayocheza wakiwa wameshajihukumu kwa ALS, wakaipa hali hiyo jina lake kabisa. Mtu wa kawaida anaona kidole kimeruka anaendelea na shughuli, wewe unaona kidole na nyuma yake unamuona yule mgonjwa wa wodini. Umeguswa naye, na hilo ni jambo zuri kwa daktari, usilionee aibu.

Ulimi ukitolewa nje unatetemeka kwa kila mtu. Mwambie anayekucheka atoe wake uone. Ulimi unaangaliwa ukiwa umelala mdomoni, umetulia, na mdomo wazi, mwalimu wako atakuonyesha. Gumba linalobonyeza simu na kushika kalamu usiku kucha, juu ya kafeini, juu ya muguka ambao una kathinoni inayofanya kazi karibu sawa na amfetamini, dawa ya kuchangamsha ubongo, lingeshangaza kama lisingeruka. Acha muguka na hizo kopo kwanza, rudisha usingizi, na mwambie mwalimu wako wa kliniki akupime nguvu za mkono mara moja. Ukiona baada ya hapo bado unajipima kila saa, chuo kina mshauri nasaha, nenda kamuone mapema kabla hujafika wodi ya saratani.

SWALI

Dokta naomba msaada wako mimi mama wa watoto wanne niko Sumbawanga. Nilikutwa na TB naendelea na dawa huu mwezi wa tatu, kikohozi kimeisha nashukuru Mungu ila sasa miguu inawaka moto hasa usiku, nyayo kama nakanyaga makaa, na ganzi imeanza kwenye vidole vya miguu vyote imepanda mpaka kwenye kifundo. Jirani yangu anasema ni wasiwasi tu na mwingine anasema nimekanyaga kitu kibaya. Nimesoma kuwa misuli na ganzi ni mawazo tu kwahiyo nimekaa kimya. Nafikiria kuacha hizi dawa maana zilivyoanza ndio na miguu ikaanza.

Mama, Sumbawanga

JIBU

Mama usiache dawa, na usikae kimya. Kesho nenda kliniki yako ya TB, usisubiri tarehe.

Yako ni tofauti kabisa na ya vijana hapo juu. Ganzi inayoanza kwenye vidole vya miguu yote miwili, inapanda sawa sawa kama soksi, na nyayo zinawaka usiku, hiyo inaashiria mishipa ya hisia yenyewe imeguswa. Katika dawa unazokunywa kuna moja inaitwa isoniazidi, inazuia mwili kutumia vitamini B6, na mtu ambaye lishe yake ni ndogo, ananyonyesha, ana sukari, ana virusi vya ukimwi au anakunywa pombe anaathirika haraka. Ndio maana wengi hupewa kidonge kidogo cha pairidoksini, ambayo ndio hiyo B6, pamoja nazo. Angalia kama ulipewa na kama unakinywa. Waambie wauguzi kwa maneno haya haya uliyoniandikia, wakupime sukari, na kama hujapima virusi vya ukimwi upime, wao watajua dozi ya pairidoksini ya kukupa. Mapema inarudi, ukichelewa inabaki. Na ukiacha dawa za TB katikati wadudu wanazoea dawa, TB sugu matibabu yake ni marefu na magumu kuliko haya.

Usiende dukani ukanunua mwenyewe vile vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B ukavinywa kwa wingi ukidhani ni vitamini tu haina madhara. B6 ikizidi sana kwa muda mrefu nayo inaharibu mishipa hiyo hiyo. Na kwa wasomaji wote wenye kisukari, nyie miguu angalieni kila jioni. Kuna watu ndala inawavuka njiani wanaendelea kutembea hawajui mpaka waone damu, huyo hana wasiwasi, huyo ameshapoteza hisia.

SWALI

Dokta mdogo wangu ni kibarua wa kunyunyiza dawa kwenye nyanya huku Ilula. Juzi alirudi jioni mate yanamtoka, jasho, anatapika, misuli ya uso na mikono inachezacheza. Tulimpa maziwa akalala, leo yuko sawa kachoka tu. Kuna mtu kasema ni kifafa.

Msomaji, Ilula

JIBU

Hiyo ni sumu. Dawa nyingi za wadudu zinazuia kimeng'enya kinachotuliza misuli na tezi, ndio maana mate, jasho, kutapika, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, na misuli inacheza mwili mzima. Mungu amesaidia, lakini mpelekeni hospitali leo hata kama anaongea na kucheka, kwasababu udhaifu wa misuli ya kupumua unaweza kuja siku moja mpaka nne baadae. Chukueni na chupa au karatasi ya hiyo dawa mkamwonyeshe daktari. Ikitokea tena msimpe maziwa, mvueni nguo zote, mwosheni mwili kwa maji mengi na sabuni, anayemwosha asishike zile nguo mikono mitupu, na mumkimbize, dawa ya kuondoa sumu ipo na inaitwa atropini. Na asirudi shambani mpaka daktari aseme, akirudi avae glovu, buti, mikono mirefu, na asinyunyize akielekea upepo.

SWALI

Assalaam aleikum dokta. Mimi niko Muscat kikazi, mume wangu yuko Unguja na watoto na mama mkwe. Tangu mwaka jana ana hii hali ya nyama kumcheza na miguu kuhisi kama wadudu wanapita. Kapimwa kila kitu, dokta wa mishipa kasema mzima. Lakini kila siku usiku ananitumia video WhatsApp za mkono wake, anauliza unaona, unaona hapa, imezidi ya jana au haijazidi. Nikimwambia sioni kitu anasema simjali kwa vile niko mbali. Nikimwambia naona anapanda wasiwasi halali. Nimechoka dokta, na nampenda. Nimjibu nini?

Mama wa wawili, Muscat

JIBU

Waaleikum salaam dada yangu. Pole, na najua umbali unaongeza uzito.

Hujakosa jibu, swali lenyewe ndio halina jibu. Ukisema huoni umemkanusha, ukisema unaona umemthibitishia, na vyovyote utakavyosema kesho atauliza tena kwasababu anachotafuta ni uhakika, na uhakika unaopewa na mtu mwingine unadumu usiku mmoja. Kila ukiangalia video unamsaidia kukagua, bila kukusudia umekuwa sehemu ya ile mizunguko niliyomweleza Fundi wa Morogoro.

Kwahiyo acha kuziangalia, ila usiache kimya kimya maana hapo kweli ataona humjali. Mpigie simu saa ambayo hana hofu, mchana, mwambie kwamba umesoma na umeelewa hiyo hali sio uongo na anateseka kweli, na kwamba mkono hutauangalia tena sio kwa kumchoka bali kwasababu kila mkiangalia anazidi kuumia. Mkubaliane kabla, msikilize kama yuko tayari kulijaribu. Halafu usiku akituma, usiifungue, mjibu jambo moja tu kila siku lile lile, kwa upole: "Najua unaogopa mume wangu, nipo. Nipigie tuongee mengine." Na akipiga muongee kweli, habari za watoto, za kazi yako, za mama, akirudi kwenye mkono mrudishe taratibu. Wiki za mwanzo atakasirika. Mama mkwe na yeye mweleze, kwasababu wewe ukifunga mlango ataenda kumwonyesha yeye.

Hiyo ya wadudu kupita miguuni muulize kitu kimoja: inamjia akiwa ametulia jioni, na akiinuka akitembea inaisha? Kama ndio, amwambie dokta apime akiba ya madini ya chuma kwenye damu, kuna hali ya miguu kutotulia usiku ambayo upungufu wa chuma unaileta na inatibika. Na siku akisema kashindwa kitu, kashindwa kufunga kifungo, kashindwa kuinua kisigino, ulimi umekuwa mzito, hapo sheria ya video haipo, aende hospitali siku hiyo hiyo.